Sitatia Sahihi kwa Ajili ya Mashine Zile

Yaya Kahindo, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Butembo. Je, mguu wa mama umepona? Anafika kanisani? Mimi ni mzima, ila roho inachemka.

Unajua kazi yangu katika shule ya kompyuta hapa Kisangani: kufagia, kubeba meza, kuwasha umeme. Mwaka huu injinia alileta mashine ndogo ishirini za wanafunzi, lakini hakuweka programu ndani yake. Zikiwashwa, zote zinaomba programu kwa mashine kubwa moja kupitia waya. Kubwa ikilala, ndogo ni maboksi tu. Ya sekretari peke yake aliiwekea programu ndani, kwa sababu mama yule alikataa kungoja.

Sasa hapa umeme ukikatika tunazima swichi kuu, ili ukirudi kwa nguvu usiunguze vitu. Ukitulia nawasha vyote kwa pamoja. Ndivyo nilivyofanya siku ya mtihani. Mashine kubwa inachelewa kuamka. Ndogo ziliomba, hazikujibiwa, zikabaki nyeusi. Mtihani ukavunjika. Injinia akaniambia mbele ya wanafunzi, "Papa, wewe ni wa ufagio. Nani alikutuma kugusa swichi?" Ni yeye aliyenionyesha swichi hiyo, wala hakusema kubwa itangulie!

Nikamjibu, "Bon, ya sekretari imeamka. Mkono ni huu huu, umeme ni ule ule."

Wanafunzi wakacheka. Hapo ndipo alipochukia kweli.

Mkurugenzi akaniletea karatasi inayosema niliharibu mashine. Nikitia sahihi, nabaki. Nikikataa, naondoka Jumamosi. Na jana, Yaya, nilimkuta injinia anapita meza kwa meza na flashi yake, anaweka programu ndani ya kila mashine, kimya kabisa. Kama kosa ni langu, yeye anatengeneza nini?

Nimemrudishia mkurugenzi karatasi yake bila jina langu. Kazi naihitaji, unajua. Lakini nani mjini atampokea mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba ni mharibifu?

Msalimie mama, na shemeji, na watoto. Tonton Paluku, mjomba wetu aliyenitafutia kazi hii, umwambie wewe mwenyewe, taratibu. Na mkiniona mlangoni na sanduku, mnipe maji kwanza. Msiniulize nimeharibu nini.

Mdogo wako,
Muhindo