Dubu wa Njia Fupi

Kivilahti,
Karibu na Nurmes, Finlandi.
Tarehe 29 Septemba 1974

Mpendwa dada yangu Saimi,

Hujambo huko Uswidi? Mgongo wako unaendeleaje, na ile kazi ya kusimama kiwandani kutwa? Vaa soksi za sufu nilizokutumia, usiziweke kabatini. Sisi ni wazima, ila usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, na sababu nitakueleza.

Veikko wetu ataoa. Binti anaitwa Orvokki, mcheshi, mikono yake haikai bure. Jumamosi alikuja na mama yake, mama Hilja. Dada, huyo mama macho yake yanapofuka. Daktari kamwambia asitegemee kuyaona majani ya mwakani. Kwa hiyo aliomba kitu kimoja tu kwetu: apande kilimani atazame ziwa, miti ikiwa bado myekundu.

Kulikuwa kweupe asubuhi, jua zuri. Tulipofika panda ya njia, pale penye jiwe kubwa, moyo wangu ukasita. Njia fupi unajua inapita wapi. Mwaka huu uyoga wa mama yetu umetoka kwa wingi, manjano tupu hadi njiani. Nikakumbuka alivyotuapisha mimi na wewe tusimwonyeshe mtu mahali pale, hata waume zetu wasijue.

Nikasema tupite kinamasini, kule kuna dubu. Ndivyo nilivyomtisha Veikko tangu utotoni.

Orvokki akacheka. "Mama mkwe, dubu huyo si ameshakuwa babu? Mwacheni astaafu."

"Hata mzee anauma," nikamjibu, nikatangulia.

Kinamasini mama Hilja alizama matopeni hadi magotini, kiatu kikabaki chini, Veikko akakivuta kwa fimbo. Yule mama hakunung'unika. Lakini tulichelewa mno. Tulipofika juu, ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, mweupe kama maziwa. Tukaenda mpaka mwamba wa pili, ni hivyo hivyo.

Mama Hilja akasimama, akakaza macho. Kisha akauliza, "Orvokki, ziwa liko upande gani?"

"Mbele yako mama, ila kuna ukungu. Hata sisi hatuoni."

"Usinibembeleze, mwanangu." Akatugeukia. "Niwieni radhi, mmehangaika bure. Macho yangu leo yamekataa kabisa."

Dada, aliniomba radhi mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukawasha moto kibandani, tukachemsha kahawa. Vijana walipokwenda kutafuta kuni, akaniinamia. "Mama Veikko, dubu wako ananukia uyoga. Nilimsikia pale ulipotugeuza." Akanipigapiga goti. "Usijali. Na mimi nyumbani ninaye dubu wangu." Angenitukana ningeona nafuu.

Haamini bado kwamba ule ulikuwa ukungu kweli. Nimemwambia, Orvokki kamwambia, anaitikia tu kwa upole kama anayepozwa.

Basi nakuandikia kwa sababu kiapo kilikuwa chetu sote wawili. Mama Hilja yuko kwetu bado wiki hii. Mbingu ikitakata tu, nitamshika mkono nimpitishe njia fupi, katikati ya uyoga wa mama, na akitaka kuchuma achume. Jibu lako halitawahi, upepo unapukutisha majani kila siku. Kama nimekosea, kasirika nami, lakini usiache kuniandikia.

Nisalimie shemeji Eino, na Ritva mwambie shangazi... yaani mama yake mdogo anamkumbuka, ona nilivyochanganyikiwa. Veikko anakusalimu sana, anataka uje harusini.

Mungu akutunzie mgongo wako, na macho yako zaidi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko uyoga wote wa mama,

Lempi