Kidato cha Tisini na Nane

Kwako kaka yangu Mlingoti,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mikono yote miwili inafanya kazi, na cherehani nayo haina neno tangu nilipoibadilishia mkanda. Hofu yangu ni juu yako na hilo goti lako. Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia, au kaichua yeye? Wifi yangu hajambo? Mwambie gauni lake liko tayari, ila kama amenenepa aseme mapema, mimi si mchawi. Shemeji yako anakusalimu sana. Bado anakoroma na bado anakataa kwamba anakoroma.

Mchango wako tumeupokea na kamati nzima inakushukuru. Karatasi uliyoiweka ndani ya bahasha nimeisoma pia. Uliandika mstari mmoja tu, kwamba jina lako liandikwe kwenye kidato cha tisini na nane, kile ambacho hakipo, na kwamba kuja hutakuja. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kaka, barua hii ina shida moja tu: nataka uje. Lakini najua nikianza na hilo utaikunja na kuitia mfukoni, kwa hiyo nivumilie kwanza nikupe habari za huku, maana zipo, na nyingine ni tamu.

Nilikuandikia kwamba ofisi ya bandari ilibandika tangazo kwenye mlango wa mnara wa taa. Jengo limechakaa, walisema, na asipopatikana wa kulikarabati kabla ya mwaka kwisha litabomolewa. Mnara ambao marehemu baba aliupanda kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na mmoja ili meli zisipasuke kwenye miamba, leo uangushwe kama banda la kuku! Mimi nilirudi nyumbani nikalia. Mkunga mstaafu yeye hakulia. Alisema hajawahi kuachia kitu kife mikononi mwake na hataanza uzeeni, akaitisha mkutano hapa hapa chumbani kwangu cha kushonea, kwa sababu nina viti. Tukampa uenyekiti kabla hajauomba. Fundi mwashi alijitolea, fundi rangi akajitolea, mwenye bucha akajitolea kwa mdomo kwanza na mwili baadaye, na shemeji yako akajikuta amejitolea kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na mlango.

Tulianza kwa kupitisha kopo mtaani. Lilirudi na vifungo vingi kuliko hela, na vingine navifahamu, nilivishona mwenyewe. Ndipo mkunga akaja na wazo la kuuza vidato vya ngazi, lile nililokudokezea kwenye barua iliyopita. Mtu anachangia, jina lake linaandikwa kwa rangi kwenye uso wa kidato chake, na wajukuu zake watalipita kila wakipanda. Wakauliza mnara una vidato vingapi. Nikajibu tisini na vinane, upesi, kama mtu anayetaja jina lake. Mtoto wa mtunza taa akishasema, nani abishe?

Vidato viligombewa, kaka. Fundi baiskeli alikuja mbio akataka cha nne na si kingine. Alisema shuleni aliishia kidato cha pili kwa kukosa ada, na sasa anataka kila mtu aone kwa macho kwamba kidato cha nne anacho, tena kwa jina lake kamili. Tangu siku hiyo mji mzima umeingiwa na wazimu wa elimu. Shemeji yako akibeba ndoo ya mchanga hadi katikati ya mnara anapiga kelele kwamba amefika kidato cha hamsini na hakuna profesa aliyemfikia. Kinyozi alitaka chini ya jina lake iandikwe na bei ya kunyoa. Mkunga alimtazama tu, kinyozi akaghairi. Na wale majirani wawili wa mtaa wa nyuma, ambao hawajasalimiana tangu ugomvi wa ukuta, walinunua bila kujua cha kumi na mbili na cha kumi na tatu. Walikutana pale pale ngazini kila mmoja akitafuta jina lake, na kwa kuwa ngazi ni nyembamba na hakuna pa kupishana, ikabidi mmoja aseme samahani. Sasa wanasalimiana, ingawa kwa mkato.

Vya juu ndivyo vilivyododa, maana kila mtu anataka kuliona jina lake bila kuhema. Kamati ikaamua kwamba atakayechukua kidato cha mwisho kabisa ndiye atakayewasha taa siku ya ufunguzi. Mwenye bucha aliposikia aliacha kisu kwenye nyama akaja mbio na aproni yake. Alichelewa. Bahasha yako ilikuwa imefika asubuhi ile ile, na cha tisini na nane kilikuwa chako tayari. Akachukua cha tisini na saba kwa uchungu.

Kazi yenyewe ungeipenda. Tulikwangua kutu kwenye reli za ngazi mpaka kucha zikawa nyekundu, tukapaka chokaa kuta zote, na fundi mwashi akaziba nyufa moja baada ya nyingine huku akiimba vibaya. Mimi nilishona mapazia ya kukinga kioo kikubwa cha taa na jua la mchana, mapazia kumi na mawili, na sikuharibu hata kipande. Watu wa bandari walikuja kukagua, wakagonga gonga, wakaandika kwamba mnara unabaki. Mkunga alipiga vigelegele kwenye masikio ya mkaguzi mpaka kofia ikamdondoka.

Ilibaki kuandika majina. Fundi rangi alianza chini, akapanda nayo siku tatu, na siku ya tatu akashuka na rangi kwenye paji la uso akisema ana jina moja limebaki mkononi na ngazi imekwisha. Vidato ni tisini na saba. Fundi mwashi akapanda: tisini na saba. Mkunga akapanda kwa vituo, akipumzika kila baada ya kumi: tisini na saba.

Basi mji ukapata cha kuzungumza. Wengine walisema kamati imewauzia watu mbuzi kwenye gunia, na wanunuzi wawili walikuja kuhakikisha kama vya kwao vipo. Wengine walisema marehemu mtunza taa alikuwa mtu mzuri lakini hesabu zilimpita kando. Mwenye bucha yeye alifurahi wazi wazi. Kama cha tisini na nane hakipo, alisema, basi cha mwisho ni chake, na taa ataiwasha yeye. Akaja kwangu kupimwa suti ya kuwashia.

Nikampima. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nikiandika vipimo vya tumbo lake, na yeye anaeleza kwa kicheko jinsi baba alivyowadanganya watu miaka yote ile. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umetulia pale unapotulia siku zote, juu ya kile kiti kidogo cha mbao. Nikaacha kuandika. Nilimwambia suti itakuwa tayari, aende.

Sasa, kaka, tafadhali kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka siku ile vizuri kuliko mimi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi tisa. Mpaka siku hiyo tulikuwa tunaruhusiwa kuishia kwenye chumba cha mapipa ya mafuta tu, na baba akasema sasa tumekua, kila mtu apande mwenyewe hadi juu, na atakayemletea idadi kamili ya vidato ndiye atakayewasha naye taa. Mimi nilitangulia. Vya mawe nilihesabu tisini na saba, na juu ya hapo, mbele ya kile kizingiti kirefu cha kuingilia chumba cha taa, nilikuta kidato cha mbao. Baba alikuwa amekitengeneza wiki ile ile bila kumwambia mtu, kwa ajili ya miguu yangu mifupi. Nikahesabu tisini na vinane, nikashuka kusema, nikapanda tena kucheza. Dirisha lilikuwa juu. Nikakivuta kile kidato ndani, nikasimama juu yake kutazama meli.

Wewe ulipokuja ukapanda kile kizingiti kwa hatua moja, kwa miguu yako ya mlingoti, ukashuka na tisini na saba. Baba akakurudisha. Ukaja mara ya pili, unahema, ukasema tisini na saba kwa sauti kubwa, na hapo ndipo nilipotazama chini nikaona nimesimama juu ya nini. Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo, na unajua ninao. Lakini niliitaka sana ile taa, kaka. Nikanyamaza mpaka ukashuka, kisha nikakirudisha mahali pake. Nikakusikia chini unaapa, na baba anakwambia mtu anayeishia njiani asiseme amefika. Ukaachwa mlangoni.

Jioni nilipanda na baba akihesabu kwa sauti. Alipokanyaga kile cha mwisho kikacheza, kwa sababu alikuwa amekiwekea kabari upande mmoja na mimi nilikigeuza nilipokirudisha. Akasimama. Akanitazama mimi, akatazama dirishani, akakigeuza kwa mguu kikatulia. Akanipa kiberiti. Nadhani alijua, kaka. Nyumbani shangazi na wengine walikutania miaka na miaka, kila ukileta jambo wanakuuliza kama umehesabu na cha mwisho, na baba hakuwahi kucheka hata mara moja. Mimi nilidhani bado amekukasirikia. Leo nadhani alikuwa ameona aibu, na hakujua mzazi anaombaje msamaha kwa mtoto. Wewe ukaomba kwenda kusoma kwa mjomba, na mnara hukuupanda tena.

Mnara ulipofungwa, baba alikishusha kile kidato mwenyewe, akaniletea. Aliniambia nikitunze, kina mwenyewe, siku moja atakuja kukidai. Nikadhani anasema watu wa bandari! Nimekiweka chini ya cherehani miaka yote hii nikisubiri waje na stakabadhi. Uongo ukikaa ndani sana hugeuka fanicha, unaukanyaga kila siku wala huuoni.

Kulipokucha baada ya ile suti nilikibeba. Shemeji yako alitaka kunipokea nikakataa, nikapanda nacho vyote tisini na saba mwenyewe, nikafika juu sina pumzi wala adabu. Kwenye sakafu ya mawe alama za miguu yake minne bado zipo. Kikakaa kama hakijawahi kuondoka. Mkunga akakipanda kwanza kukijaribu, akasema idadi ni tisini na vinane na wote waliomsema marehemu wamwombe radhi. Mwenye bucha alinuna hadi mchana, kisha akagundua kwamba bado anacho cha mwisho kati ya vya mawe, akapona. Suti anaichukua hivyo hivyo.

Jina lako limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Watu wanajua tu kwamba ni kidato cha baba kilichokuwa kwangu. Hayo mengine sijamwambia mtu, hata shemeji yako, kwa sababu yalikuwa yako kwanza. Ukitaka niyaseme siku hiyo mbele ya mji mzima nitayasema, na sitahitaji kipaza sauti. Ulihesabu sawa, kaka. Mara zote mbili ulihesabu sawa. Nisamehe.

Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ya pili kuanzia hii, saa kumi na mbili jioni. Taa ni ya swichi siku hizi, hutaunguza kidole. Goti lisiwe sababu. Mkunga ameweka kiti kwenye chumba cha mapipa ili upumzike, na mwenye bucha ameahidi kukubeba mgongoni ikibidi; anasema amezoea nusu ng'ombe. Wifi asikose, gauni lake atalivalia huku.

Ila ukipanda, panda polepole na uhesabu kwa sauti. Sitapanda nawe. Nitakuwa chini, pale mlangoni ulipoachwa siku ile, nakusikiliza mpaka ufike cha mwisho.

Wasalimie watoto wote, mkubwa kwa mdogo, na jirani yako mwenye redio. Kalamu naiweka hapa, suti ya mwenye bucha inaningoja, na ni kitambaa kingi.

Mimi mdogo wako,
Nusu