Alama ya Mkeka Shavuni

Jumatatu, 1 Machi 1971
Foleni ya mchele asubuhi nzima. Nimepata kidogo. Nimepika, nimepakua, nimengoja. Haji kaja jua limeshainama, na kazini bandarini hutoka mapema. Shavuni ana alama ya mkeka. Ya ukili mwembamba, ule utepe wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka. Mikeka yetu kaishona mama, Makunduchi, na ukili wake ni mpana vidole viwili. Mume wangu kalala kwenye mkeka wa mtu. Nimemtilia mchuzi.

Jumanne, 2 Machi
Natazama tu. Viatu vyake huviweka chini ya kitanda, upande wake, vimeelekea mlangoni, kamba zimelegezwa. Hivyo hivyo tangu anioe, mwaka wa tatu huu. Nilidhani unadhifu. Mtu analala macho kodo, viatu tayari, anataka kwenda wapi? Mjinga mimi.

Alhamisi, 4 Machi
Alama tena. Na ubani nguoni, si wangu. Lililoniuma zaidi ni uso. Umekunjuka, kama mtu aliyetoka kuoga. Kwangu haji na uso huo.
Jirani yangu, Bi Rukia, alimwona Haji mtaa wa Hurumzi akipanda ngazi kwa Bi Kamala, mjane wa Kibaniani. Kanipa habari huku anachambua mchele, hata kunitazama hakunitazama. Kafurahi. Namchukia Rukia. Huyo Kamala namchukia zaidi.

Ijumaa, 5 Machi
Jana nilimfichia viatu ndani ya sanduku la kanga. Kumjaribu. Alipoona havipo akatetemeka. Si kwa hasira. Akapekua chumba kizima, jasho linamtoka. "Viko wapi, Mwanaidi? N'ambie viko wapi!" Nikavitoa. Akavipokea kwa mikono miwili.
Basi, nimepata jibu. Hababaiki mtu hivyo kwa ajili ya viatu ila ana pa kwenda. Jumatatu namfuata. Talaka nitaidai palepale, mbele ya mjane wake.

Jumatatu, 8 Machi
Nilimfuata. Ngazini nikasikia fidla. Ngoma mchana kweupe! Nikasukuma mlango kwa bega, mzito. Kumbe mpiga fidla, mzee mmoja, kakaa chini kauegemea. Fidla ikalia vibaya, ikanyamaza.
Watu wamelala sakafuni. Wanaume upande huu, wanawake ule. Mito ya sufi chini ya magoti, vitambaa machoni, hakuna aliyemgusa mwenzake. Bi Kamala ni kizee cha miwani, kasimama na mto mkononi. Haji kalala ubavu, shavu mkekani. Kalala kweli, mdomo wazi. Sijapata kumwona hivyo tangu anioe.
Nikamwita, kwa sauti ileile niliyotoka nayo nyumbani.
Akaruka, mikono juu. "Nnakuja! Ngojeni nivae viatu! Nnakuja!"
Chumba kizima kilimsikia.

Jumanne, 9 Machi
Hakwenda kazini. Kanieleza akitazama ukuta. Kwamba kaka yake alichukuliwa mwaka wa sitini na nne na hakurudi, hilo nilikuwa nalijua. Sikujua kwamba walimtoa kitandani pekupeku, Haji anaona. Aliomba avae viatu, hawakumngoja.
Tangu hapo Haji halali. Bi Kamala anafundisha yoga ya kupumzisha mwili: unalaza kila kiungo juu ya mto, unatoa pumzi polepole, na Mzee Ame anapiga fidla taratibu mpaka mwili ulegee. Haji ndiye aliyemwomba mzee akae pale mlangoni, asiingie mtu kabla ya kumwondoa yeye. Nami alinificha kwa kuona haya.
Anasema harudi tena. Hawezi kulala mbele ya watu waliomsikia. Pahala pamoja tu alipolala, nimempokonya. Nimelia jikoni.

Jumatano, 10 Machi
Nimekwenda Hurumzi kuomba radhi. Nilidhani watanifukuza. Bi Kamala kanilaza chini, kanionyesha mito inavyokaa. Nikamwomba Mzee Ame aje kupiga nyumbani. Kacheka. "Magoti hayanifikishi huko, mwanangu. Kwani wewe huna sauti? Juzi si tumeisikia sote!" Nilistahili.
Rukia kaniuliza njiani kama nimemfumania. Nimemjibu ndiyo, nimemfumania kalala.

Ijumaa, 12 Machi
Baada ya chakula nikatandika mkeka wa mama. Mto mmoja kichwani, mmoja katikati ya magoti. Haji kalala ubavu, ili kunifurahisha tu. Kitambaa cha macho kakikataa. Viatu kaviweka karibu na mkono.
Nikaenda kukaa chini, mgongo kwenye mlango, miguu nimeinyoosha. Nikaimba za harusini, polepole, moja ikiisha naunga nyingine. Sauti yangu si fidla. Macho yake yakafumba. Sikuamini. Nikatazama vidole vya miguu, nikimshuku kwamba anajifanya. Vilikuwa vimekaza. Nikaendelea.
Rukia akaja kubisha. Nikausikia mlango mgongoni. Haji akafumbua macho, akaniona nilipokaa. Sikuondoka, wala sikuacha kuimba. Rukia akachoka, akenda zake.
Kaamka kwa adhana ya alasiri. Shavuni ana alama. Ukili mpana, vidole viwili.