Jini la Nasuru

Moroni, Jumatatu

Dada yangu Mwanaisha,

Salamu zikukute mzima hapo Mutsamudu, wewe na shemeji, na mama mkwe wako na magoti yake. Mimi mwili mzima, ila roho inatokota na sitakuficha. Naandika kwa Kiswahili cha Unguja tulikokulia, ili wakwe zako wakiiokota barua hii wasiambulie kitu.

Mkunga wa hospitali ya Hombo amenifikishia barua yako. Unanilaumu kwamba namwaibisha mwanao kwa kumwita mlevi, kumbe maskini ana jini. Jini gani hilo, dada, linanuka tembo tangu asubuhi?

Tangu walimu Wafaransa wafunge virago, hapa chuoni tumebaki wachache. Mimi nafundisha hesabu, nalinda bweni, na sasa vijana wa kamati ya mapinduzi wamenibebesha na somo la ulevi na bangi. Vijana hao ndio serikali siku hizi, watu wazima tunawaamkia. Wamesema mwanafunzi atakayekamatwa na chupa atanyolewa kichwa na kutembezwa mpaka bandarini. Ndiyo maana nilimleta Nasuru kwako likizo, awe mbali na wenzake wanaokunywa nyuma ya bweni. Nikakuandikia waziwazi: mtoto anakunywa, akikosa anatetemeka, mpeleke hospitali. Hospitali yenyewe iko hapo hapo Hombo, unaiona ukisimama mlangoni!

Wewe ukampandisha kijijini Patsy kwa mganga. Mtoto anatetemeka kwa kukosa pombe, mkamfunika shuka, mkampigia ngoma, mganga akasema ni jini la Kibuki, la Kimalagasi, na linataka ramu. Najua majini ya Kibuki hunywa, nani asiyejua? Lakini jini likishanywa huaga likaenda zake. Hili lenu lilimaliza chupa moja likaomba ya pili. Unaniandikia kwa furaha kwamba alipokunywa kutetemeka kukakoma, mkapiga vigelegele. Kungeachaje kukoma? Ah, Mwanaisha, nilipofika hapo nilitaka kuichana barua.

Aliporudi nilimuuliza kikombe cha ramu alipewa na nani. Akainamisha kichwa. "Mjomba, mama ndiye aliyenishikia."

Sasa nisikilize. Juzi nilikuwa darasani, nimechora ini ubaoni, nasoma maneno yangu ya kitabuni, nao wanapiga miayo. Mmoja akauliza, "Fundi, na mwenye jini ini lake huoza?" Fundi ndivyo wanavyotuita walimu. Darasa zima likacheka, maana habari za Patsy zilishafika. Nasuru akasimama.

"Mimi sina jini," akasema. "Nalewa. Nimejaribu kuacha nimeshindwa. Fundi, mtu afanyeje?"

Dada, hilo ndilo swali pekee la maana nililoulizwa tangu nipewe somo hili. Nami nikamwambia, "Kaa chini, usituaibishe."

Akakaa. Ningependa kukwambia niliogopa kamati, lakini siku ile hakukuwa na kijana wa kamati hata mmoja mle ndani. Niliogopa jina la nyumba yetu, kama wewe. Hasira niliyokuwa nayo kwako sasa nimeigawa nusu kwa nusu, na nusu yangu ndiyo inayoniuma.

Tangu hapo hasemi nami, na mto wake kila asubuhi unanuka tembo. Daktari mmoja wa hapa amekubali kumlaza kimyakimya. Nasuru hataki. Ameniachia kikaratasi tu, kimeandikwa kwamba haendi mpaka mama yake atamke mwenyewe kwamba yeye ni mgonjwa wa pombe na jini halipo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunaoficha ni wawili.

Basi njoo umtamkie, safari hii bila hirizi. Mimi nitamsimamisha tena darasani, nimjibu mbele ya wale wale waliomcheka. Na kabla hujaondoka, nilichosema mwanzoni kuhusu wakwe zako nakifuta. Waite barazani uwasomee barua hii kwa Kinzuani chao, yote, na pale pa kikombe usiparuke.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe, na yule mwalimu wa Kurani aliyemfundisha Nasuru alifu. Mwambie mwanafunzi wake bado anasema kweli, sisi ndio tuliomnyamazisha.

Ni mimi mdogo wako, mjomba wa mlevi,

Saidi