Bastola Isiyong'aa

Mama Topista, nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, unisamehe mwandiko, sina mwingine wa kumuuliza maana hapa kambini neno likitoka mdomoni asubuhi, jioni kila mtu analo.

Mimi ni Mkongo, niko kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu nikiwa msichana, na bwana yangu Grégoire anafanya kazi Mbarara kwa Meddy, fundi wa kutengeneza bampa na kung'arisha taa za magari zilizofifia. Mwaka jana nikaanza kuona dawa ya meno inaisha haraka, nepi laini za Divine wetu zinapotea, na yeye anarudi ananukia vizuri na vidole laini kama vya mtu asiyeshika jembe, basi nikajua ni mwanamke, nikapekua mfuko wake, nikakuta nepi zangu zimefunga vipande vya bastola za plastiki, nikacheka mpaka nikakaa chini. Akanieleza kuna vijana wanaoigiza sinema za video, Meddy anawamiminia bastola na mapanga ndani ya kalibu, zinatoka na mikwaruzo na mistari, na yeye anazipiga msasa wa maji, kwanza mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, mwisho dawa ya meno na kitambaa cha mtoto kwa sababu kingine kinaacha alama. Nilimsaidia, sikufichi. Nilisugua mpaka naona meno yangu ndani yake, maana vijana walitaka ing'ae, wanasema kamera ikiwa mbali kitu kisichong'aa hakionekani.

Sasa wiki tatu zilizopita mmoja wao, Rwakabuba, alikuja kwetu peke yake, hakupitia kwa Meddy. Anataka mbili, na anataka tuondoe ule mng'ao, tusugue na msasa mkavu zififie, na fasi ya kushikia ichakae kama imeshikwa miaka mingi. Nikamuuliza ni za sinema gani. Akamwangalia Grégoire, si mimi, akasema, "Mwambie madamu apike chai." Atazichukua Jumapili, saa watu wako kanisani.

Mimi nilikimbia Kivu na miaka tisa. Bunduki iliyoingia kwetu haikung'aa, ilikuwa imefifia, na fasi ya mkono imelika. Nilipoona Grégoire anaipata sura ile ile, niliijua. Nikamwambia. Akajibu, "Mama Divine, ni plastiki. Plastiki haiui mutu."

Nimechukua mpini mmoja, ile fasi ya kushikia, nimeuficha ndani ya mfuko wa maharage. Anautafuta tangu juzi, amefika kusema labda nimeuuza. Nikienda polisi watamfunga, na dosye yetu ya maombi ya kuhamia ng'ambo, tuliyoingojea miaka sita, itaharibika. Nikinyamaza, kuna mama mwenye duka fasi fulani atakayeelekezewa kazi ya mikono yangu. Niurudishe, ao nisiurudishe?

Mama Divine, Nakivale

MAMA TOPISTA ANAJIBU

Usiurudishe. Jibu hili nilikutumia kwa mkono wa mtu kabla ya Jumapili. Hapa kwenye safu yangu naliweka baadaye, na majina nimeyabadilisha.

Pole, mwanangu, umechoka na una haki ya kuchoka. Lakini nitakugombeza. Ulipodhani kuna mwanamke, ulipekua mfuko mara moja. Ulipoona bastola inachakazwa, umekaa wiki tatu, kisha ukauficha mpini kwenye chakula cha mtoto. Akiingia askari leo, ataukuta huo mpini kwako, si kwa Rwakabuba.

Macho yako hayakukudanganya. Anayeigiza anataka aonekane na walio mbali. Huyu anataka aaminiwe na aliye karibu. Na mtu wa sinema hujisifu, hutaja hadithi yake hata hujamuuliza. Hakutumi ukapike chai.

Mumeo naye mwambie hivi: plastiki haiui, lakini mwenye duka hataulizwa imetengenezwa na nini, na askari atakayemkuta mtu ameishika hatasubiri kuuliza.

Mpe Grégoire siku moja. Usimpigie kelele, anaogopa kama wewe. Mwonyeshe mpini ulipo, umwambie hautarudi mezani. Msiusugue tena, msiuvunje, msiutupe ziwani. Kesho yake mpigieni Meddy simu aje, maana kalibu ni yake na lazima ajue. Kisha nyote watatu, mchana, mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji chenu vipande vyote, awafikishe polisi wa kambi. Grégoire mwenyewe ndiye aongee. Akikataa, mfunge mtoto mgongoni uende wewe.

Kuhusu dosye, sitakudanganya kwamba hamtaulizwa maswali. Mtaulizwa. Lakini kuulizwa mkiwa mmekuja wenyewe si sawa na kuulizwa mkiwa mmeletwa.

Jumapili nendeni kanisani wote, mkae benchi la mbele, mlango wenu mmeufunga kwa kufuli. Rwakabuba akibisha, abishe. Na akiwatafuta baada ya ibada, msisimame naye hata dakika moja bila watu kuwaona.