Walker, Jina la Papa

Papa wangu,

Baridi ya Johannesburg imeanza kuuma, na leo saluni hajaingia hata mteja mmoja wa kusuka. Nimekaa peke yangu nakuongelesha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia kule Lubumbashi? Jiwe lilimwangukia babu mguuni mgodini, na Mwingereza mmoja aitwaye Walker akambeba mgongoni mpaka nje. Ulipozaliwa babu akasema, "Huyu ndiye Walker wangu." Nawe ukatembea na hilo jina kwa maringo, utadhani umezaliwa London! Mimi nikapewa jina la mama yako, ndiyo maana uliniita Mama hadi mwisho. Basi mwanangu alipozaliwa huku nikampa jina lako, na sikuwahi kulitamka. Nani anamwita baba yake kwa jina? Nilimwita Papa. "Papa, njoo ule. Papa, umeoga?" Ulipofariki mwaka jana, makaratasi yangu ya ukimbizi hayakuniruhusu kuja kukuzika. Nilimkumbatia yeye nikalia.

Sasa sikia. Huku jina la mwisho ndilo la ukoo, na la mwanangu liliandikwa Walker; juzi mwalimu alitaka kila mtoto aeleze la kwake. Mwanangu akachimba kwenye simu yangu. Kumbe akina Walker wa Uingereza ya zamani walikuwa watu wa kukanyaga vitambaa vya sufu kwa miguu, tena kwenye maji yaliyotiwa mkojo! Nilicheka mbavu sina, nikatamani nikupigie. Kisha akanisomea akina Walker maarufu: mabondia, wanasayansi, mwenye duka aliyeiachia wiski jina lake. Nikamwuliza, "Na babu yako?" Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema babu hayumo. Hakusema kwa ubaya, lakini eish, iliniuma.

Asubuhi yake, tukielekea shule, akaniomba jambo, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, pale kwa geti usiniite Papa. Wanacheka. Sema Walker."

Jana nilimfuata shuleni. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikamwona na wenzake, mdomo ukawa mzito. Mwishowe nikaita, "Walker!" Akageuka, akaja mbio, meno yote nje, akanishika mkono mbele yao. Njia nzima hadi kwetu Kensington alikuwa akipiga soga, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, siwezi kukudanganya. Ila tulipofika nyumbani nilimwita ale, nikasikia nimesema Walker tena, na yeye akaitika bila hata kushangaa.

Pumzika, Papa. Mwaka jana watu walikuja kunipa pole, nami nikapokea, nikawapikia chai. Sikujua bado; nyumbani palikuwa na Papa wa kumwita. Jana ndiyo nimefiwa na baba.

Ni mimi,
Binti yako