Jani la Sale Ukumbini

Valerian, nilisikia kikohozi kwanza, nyuma ya ukumbi wa parokia, gizani. Nikakijua.

Nilikuwa nimewaonyesha vijana ile filamu ya roboti aliyesaliti chombo cha anga, akarudi, akapokelewa. Nikawaambia ukombozi ndio huo, Kristo hamfungii mtu mlango. Nikawasomea na shairi langu juu yake!

Taa zikawashwa. Baba! Yule yule aliyetutelekeza. Mkononi ana jani la sale, kama mila yetu ya kuomba radhi, anaomba msamaha mbele ya watu wote.

"Mwanangu, roboti umemsamehe. Na mimi je?"

Roboti, kaka! Kasema hivyo!

Sale halikataliwi, unajua. Mimi nilishalikataa mara mbili huko nyuma, aliponiletea.

Sikuhisi kitu, hata hasira. Nikaona tu mkono wangu unalipokea.

Nikasema, wote wakasikia: "Shikamoo, baba. Jumapili nitakuja kwako Holili, tule pamoja."